Soksi ya Mjomba na Igizo Lililokatishwa na Mvua

Kwenye igizo la Bailojia mimi nilipewa nafasi ya virusi. Madam wetu wa Bailojia alisema hahitaji hata kunifanyia majaribio. "Wewe unaingia usikoalikwa, unakula cha wenzako, halafu hutoki. Umefaulu." Darasa zima likapiga makofi, nami nikainama kama staa aliyekuja kuchukua tuzo.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, hapa hapa Karatu. Baba yangu ni Mwiraqw, mama yangu ni Mmaasai wa Nainokanoka, kule juu Ngorongoro ambako ukungu unaamka kabla ya watu. Zamani mababu wa pande zote mbili walikuwa wakiibiana ng'ombe. Wazazi wangu wakaona waoane tu, wizi ubaki ndani ya familia. Ndiyo maana mezani kwetu makande na maziwa mgando vinatazamana kila siku na hakuna anayeshinda.

Sasa, igizo. Madam alitaka wazazi waelewe kinachotokea kwenye damu ya mtu mwenye VVU, na alikataa kata kata kuandika kitu chepesi. Alitueleza hivi. Kwenye damu kuna askari, zile chembe nyeupe, na miongoni mwao wapo makamanda, wanaoitwa CD4. Kirusi hapigani na kamanda getini. Anaingia ndani yake, anajichomeka kwenye vinasaba vyake, na mara nyingine analala humo. Kamanda akilala, na yeye amelala, hata daktari hamwoni. Lakini mwili ukipata mafua, malaria au kidonda, chembe nyingine zinarusha ujumbe wa kemikali, unaitwa saitokini. Ujumbe unasema: amkeni, tumevamiwa! Kamanda anaamka, anawasha mashine zake zote. Na yule mpangaji wa ndani anaamka naye, anatumia mashine hizo hizo kujitengenezea nakala.

"Kwa hiyo Madam," nikauliza, "king'ora cha polisi ndicho kinachomwamsha mwizi?"

"Mwizi aliyelala kwenye kitanda cha polisi," akajibu. "Kaa chini."

Tena si kila ujumbe unaamsha. Kuna saitokini nyingine, interferoni, ambazo kazi yake ni kuziambia seli: fungeni milango, mashine zizimwe, asichapishe mtu kitu. Kwa hiyo ndani ya damu ni kelele tupu, huyu anasema amka, yule anasema funga, na kirusi anasikiliza ile inayomfaa.

Kamanda aliigizwa na mvulana mkubwa kuliko wote darasani, mtoto wa wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, mwenye mwili kama gunia la lumbesa lililojazwa kupita mdomo. Mimi nilitakiwa kujificha nyuma yake ndani ya shuka. Madam akaagiza kati yetu pawe na nafasi ya rula nzima, na siku za mazoezi alikuja na rula yenyewe. Msichana mmoja mwenye mapafu ya tarumbeta alipewa filimbi, akawa saitokini ya kuamsha. Monita wetu akapewa kufuli, akawa interferoni, maana hata bila igizo kazi yake maishani ni kukataza.

Shuka tuliazima kwa mjomba wangu.

Mjomba ni kitinda mimba kwa bibi, anamfuata mama, anaishi chumba cha uani hapo kwetu, na anaendesha watalii. Utundu wangu wote nimeuchota kwake. Aliwahi kuwaambia wageni kwamba ngiri anakimbia mkia juu kwa sababu anatafuta mtandao, na wakaandika. Mjomba ana VVU. Alituambia mwenyewe mezani, miaka mingi iliyopita, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu ya mkanda wake. Alikuwa amekonda mpaka mkanda ulimzunguka na kubaki mwingine wa kuning'inia, nami nikamwuliza kama ameazima wa baba. Hakuna aliyecheka. Baadaye akaanza dawa za kufubaza virusi, akanenepa, akarudisha kitambi na dharau zake, na kliniki wakamwambia virusi havionekani tena kwenye kipimo.

Chupa ya dawa aliiweka ndani ya soksi. Zamani aliiweka tu kwenye dashibodi, lakini wakiteremka kreta ya Ngorongoro gari linatikisika na vidonge vinalia chaka-chaka-chaka. Mgeni mmoja akapiga kelele akidhani ni nyoka. Tangu hapo, soksi nene ya kijivu, ya mguu mmoja. Popote alipolala, hata usiku mmoja, soksi ilikwenda naye.

Siku ya wazazi bwalo lilijaa. Mjomba alikaa mbele kabisa, akitabasamu kama mwenye shuka. Igizo likaenda vizuri ajabu. Kamanda akalala, akakoroma, watu wakacheka. Filimbi ikalia. Kamanda akaamka, nami nikaruka kutoka kwenye shuka, nikaanza kurusha nakala zangu hewani, karatasi nyekundu tulizokata juma zima. Watoto wakapiga mayowe. Nikaongeza na mbwembwe kidogo ambazo hazikuwa kwenye maandishi.

Sehemu iliyofuata ndiyo dawa zilikuwa ziingie. Hapo hapo mvua ikapiga bati.

Kama hujawahi kukaa chini ya bati la bwalo la Karatu mvua ikinyesha, basi hujui ukimya wa kulazimishwa. Kinywa cha mtu kinafunguka, sauti huisikii. Lakini si sauti tu. Ulikuwa msimu wa mavuno, na kila mzazi aliyekuwa mle ndani alikuwa ameanika mahindi au maharage nyumbani kwake. Wakatazamana mara moja tu. Bwalo likabaki na viti, Madam na rula yake.

Kwenye gari mjomba akaniuliza, "Kwa hiyo huyo mdudu, askari wakiamka, anatoka nje?"

"Anatoka. Si umeniona nilivyotoka?"

"Na akitoka, anaonekana?"

"Nilionekana mpaka nyuma kabisa."

"Basi akionekana, anapigwa."

"Nipigwe mimi? Msanii?"

Akacheka, nikacheka. Mimi nilidhani tunazungumzia uigizaji wangu.

Haikupita muda mrefu akashikwa na mafua makali, kikohozi, homa, viungo vinamuuma. Wageni walikuwa wachache, kazini wakampa mapumziko. Akamuaga mama kwamba anapanda Nainokanoka, rika lake na morani wanakwenda orpul. Orpul ni hivi: wanaume wanaingia msituni na ng'ombe, wanamchinja, wanakula nyama na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi, siku baada ya siku, hadi mwili uwe mpya. Mgonjwa anapelekwa huko apone, mzima anakwenda apate nguvu. Na ina mwiko wake: nyama ya morani haionwi na mwanamke. Ikionwa, morani hali tena.

Niliporudi kutoka shule nikapita chumbani kwake kurudisha shuka. Kwenye msumari nyuma ya mlango soksi ilikuwa inaning'inia. Nikaishika. Chaka-chaka.

"Mama! Mjomba amesahau soksi!"

Mama alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama. "Hajasahau," akasema polepole. "Aliniambia, nikirudi sitaihitaji tena. Nilidhani homa ndiyo inaongea." Kisha akaongeza, "Alisema anakwenda kuwaamsha askari wamalize kazi."

Maneno yale niliyajua. Yalitoka kwenye igizo letu, isipokuwa mjomba alikuwa ameondoka na nusu. Ile nusu nyingine niliijua kwa moyo, maana nilikuwa nimeifanyia mazoezi nikiwa kirusi niliyeshindwa. Madam alituambia hata wataalamu wenyewe wanalijaribu wazo kama la mjomba, kumwamsha kirusi kisha kummaliza, na bado hawajafika mwisho wake. Na hakuna mwenye akili anayemwamsha huku ametupa dawa.

Simu yake haikupatikana. Msituni kule mnara pekee ni mti.

Baba akasema yeye atakwenda. Mama akamtazama. "Wewe Mwiraqw, uingie msituni kwa Wamaasai walioshika visu, wakila ng'ombe?"

"Shemeji zangu hao."

"Watadhani umemfuata ng'ombe." Yeye mwenyewe hakuweza kwenda. Ni mke wa mtu, akitokea tu pale nyama imeharibika na lawama ni za ukoo mzima. Wote wawili wakanigeukia mimi.

Jumamosi asubuhi, dereva mwenzake mjomba alikuwa anawapeleka wageni kreta ya Empakaai, na njia inapita Nainokanoka. Akanipakia nyuma, kati ya maboksi ya chakula cha mchana. Mama mmoja wa Kizungu akaniuliza kama mimi ni Mmaasai wa kweli. Nikamwambia nusu. Akanipiga picha ya kuanzia kiunoni kwenda juu, nadhani ndiyo nusu aliyoipenda. Kawaida ningemsimulia uongo mmoja mzuri njia nzima, lakini siku hiyo soksi ilikuwa mapajani na kila shimo la barabara liliiliza.

Bibi nilimkuta anakamua. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini, akanipima kwa macho. "Umekonda. Huko chini wanakulisha maharage tu."

"Bibi, mjomba ameacha dawa."

Hakuuliza dawa gani. Aliweka kibuyu chini, akachukua fimbo, akajifunga shuka. Tukapanda kilima, bibi mbele, mimi nyuma nahema kama pikipiki mbovu. Msitu ulipoanza, moshi ukaonekana juu ya miti, na harufu ya nyama ikaja mpaka njaa ikanisaliti. Bibi akasimama, akageuka, akaketi kwenye jiwe akiupa msitu mgongo.

"Mimi siendi zaidi. Nyama ile sitaki kuiona hata kwa bahati mbaya. Na wewe usiingie, humo kuna nyati. Mwitie hapa hapa."

"Kwani bibi, mimi nahesabika mwanamke, au bado mtoto?"

Akafikiri. "Sijui. Hata wao hawajui." Nikaona mabega yake yanacheka. "Hiyo ndiyo silaha yako."

Nikavuta pumzi. Tatizo la pili lilikuwa hili: sisi nyumbani tunajua, lakini rika lake halijui, na si kazi yangu kuwatangazia. Kwa hiyo nikapiga kelele ile niliyoweza.

"Mjombaaa! Umesahau soksi!"

Sauti ya kijana kutoka kwenye miti: "Nani huyo?"

"Mpwa wake! Nimeleta soksi!"

Kicheko kikalipuka mpaka ndege wakaruka. "Soksi ya nini? Huku tumevaa makatambuga ya tairi!"

"Yeye ana miguu ya kizungu! Mwambieni aje aichukue!"

"Anasema hana haja nayo! Rudi nyumbani!"

Bibi, mgongo wake bado kwa msitu, akasema taratibu, "Sasa."

"Haya basi, nailetaaa! Naingia! Nina macho mawili na yote yanaona vizuri!"

Sijawahi kusikia wanaume wengi wakiogopa msichana mmoja namna ile. "Simama hapo hapo!" "Nyama iko nje!" "Funikeni, funikeni!" "Wewe mzee, toka ukachukue soksi yako, tutalala njaa!"

Miti ikatikisika na mjomba akatoka, nadhani kwa kusukumwa. Alikuwa na ubavu mzima mkononi, midomo inang'aa mafuta, pua inatiririka, macho mekundu. Hakuwa mtu aliyepona. Nikainamisha kichwa, akanigusa kwa mkono wenye mafuta. Mkono ulikuwa wa moto.

"Umetoka Karatu kwa ajili ya soksi," akasema.

"Na wewe umetoka kwenye igizo kabla halijaisha."

"Mvua ilinyesha."

"Ndiyo. Sasa leo hakuna mvua. Kaa."

Akakaa kwenye majani. Akaanza kujitetea kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. "Si mlisema wenyewe? Askari wamelala na mdudu amelala ndani yao. Nimewaamsha. Nasikia wameamka, mwili wote unawaka. Akitoka tu, wanamtandika."

"Nani anamtandika?"

"Askari."

"Mjomba, askari ndio nyumba yake! Filimbi ikilia, kamanda anaamka na yeye anaamka, anatoa nakala. Na kila nakala inakwenda kutafuta kamanda mwingine wa kuingia. Haya mafua yako yenyewe tayari yanapiga filimbi. Wewe unaita vita wakati milango yote iko wazi."

Nikasimama, nikamwigizia ile nusu, peke yangu, kwenye majani. Nikawa kirusi, nikaruka, nikarusha majani badala ya karatasi nyekundu. Kisha nikavaa soksi mkononi, chupa ikiwa ndani, nikawa dawa. Kirusi anakwenda kulia, soksi inamzuia. Anakwenda kushoto, soksi. Nakala zinaanguka hazina pa kuingia, zinakufa. Kwenye mazoezi nilikuwa nikifa kwa mbwembwe nyingi, nanyoosha mguu mmoja mmoja. Pale nilikufa haraka tu.

"Dawa haimzuii askari kuamka," nikasema nikiwa bado chini. "Acha waamke, wapambane na mafua. Dawa inamzuia yeye kuhama. Na yule anayelala bado yupo, mjomba. Kutoonekana siyo kuondoka."

"Na supu?"

"Supu kunywa. Supu inapiga filimbi gani mimi sijui, hakuna aliyenifundisha supu. Ila kunywa na hivi."

Alikuwa anautazama ule ubavu kama umemwuliza swali. "Nimechoka," akasema. "Siyo kumeza. Kumeza ni sekunde. Nimechoka kuificha. Nikilala kwa watu naweka soksi chini ya mto kama mwizi. Nilipowaona mnacheza pale mbele, nikasema kumbe kuna njia iishe."

Nilikuwa na utani tayari, niliusikia unakuja kama chafya. Haukutoka. Kilichotoka kilikuwa, "Mimi nakumbuka mkanda wako."

Pua yake ilikuwa inatiririka na hakuifuta. Kutoka kwenye miti mtu akaita, "Soksi imekutosha au haijakutosha?" na wengine wakacheka.

"Imetosha!" mjomba akajibu bila kugeuka. Akachukua chupa, akatoa kidonge, akakosa maji. "Nileteeni supu!" akaita. Kijana mmoja akaja mbio na kikombe cha bati, akakiweka pembeni akikwepa kunitazama, kana kwamba nami naweza kuharibika nikionwa. Aliona kidonge kwenye kiganja cha mjomba. Aliona na chupa. Mjomba hakufunga kiganja. Akameza, akafuatisha supu, akakunja uso.

"Kesho unashuka," nikamwambia. "Jumatatu unakwenda kliniki, unawaambia ukweli, siku ulizoacha na homa pia."

"Sawa, Madam."

"Amemeza?" bibi akauliza kutoka kwenye jiwe lake.

"Amemeza, bibi."

"Umemwona koo likishuka?"

"Limeshuka!"

"Basi nigeuke nimsalimie mwanangu?"

"Usigeuke, bibi! Ana ubavu mkononi!"

Kliniki muuguzi alimkaripia mpaka mtu wa foleni ya nyuma akaomba radhi kwa niaba yake. Wakamtibu kifua, wakachukua damu, wakamwambia arudi. Kipindi kile cha kusubiri mjomba hakutania hata kidogo. Alikula makande yote bila kuyatukana, na nyumba ikawa ngeni mpaka baba akaanza kutania yeye, jambo ambalo sitamani limpate mtu. Majibu yalipotoka, mjomba aliingia uani akipiga honi mfululizo. Virusi havikuonekana. Mama alirudia maharage yake na kuyachambua upya, yaliyokwisha kuchambuliwa.

Muhula uliofuata Madam akasema igizo lazima lirudiwe, lote. Wazazi wakajaa bwaloni, kamanda akakoroma, filimbi ikalia, nikaruka, karatasi nyekundu zikapaa. Na unajua kilichotokea. Tone la kwanza likagonga bati, la pili, halafu yote kwa mpigo, na wazazi wakaanza kutazamana. Mahindi.

Mjomba alikuwa ameketi mbele. Akainuka, akatembea mpaka mlangoni, akajipanga katikati ya fremu, mikono huku na huku, mmoja umeshika rungu, mwingine soksi ikining'inia mbele ya macho ya watu wote. Sauti yake hatukuisikia kwa mvua, lakini midomo ilisomeka: hakuna kutoka, bado nusu ya pili. Mzazi mmoja akajaribu upande wa kulia, akakuta mkono. Mwingine kushoto, mkono.

Watu wakarudi vitini. Mimi nikaendelea na nakala zangu, nikisubiri dawa iingie jukwaani.